Trela Langu na Mkokoteni Wenu

Katika gazeti letu la muhula uliopita, ukurasa wa Chama cha Useremala, yalichapwa makisio ya kujenga mkokoteni wa kuchotea maji. Jumla iliandikwa Sh. 185,000: mbao, misumari na magurudumu mawili kuukuu ya motokaa. Chini yake wazazi waliombwa wachange. Mimi nilimaliza Kidato cha Nne shuleni hapo, na sasa nakaa Grand Rapids, mji wa jimbo la Michigan, Marekani, ambako nafanya kazi ya ghala. Mdogo wangu hunipatia gazeti kila muhula. Makisio yale nimeyasoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu sikucheka, kwa maana mimi mwenyewe niliwahi kuandika makisio ya namna ile ile, na aliyeyalipa hakuwa mimi peke yangu.

Huku Marekani watu hupenda kwenda kulala porini wakati wa kiangazi kwa kujifurahisha tu. (Mama yangu nilipomweleza jambo hili aliuliza kama hawana nyumba.) Wengine hulala katika hema, wengine katika trela kubwa kama basi. Tena kuna trela dogo ambalo wenyewe huliita kwa jina la chozi, kwa sababu ukilitazama ubavuni lina umbo la tone la maji lililolazwa: mbele limeviringika, nyuma limechongoka kuteremka chini. Ndani yake halina kitu ila godoro. Watu wawili hulala, wala hawawezi kusimama. Nyuma kuna mfuniko. Ukiuinua waona jiko, rafu za vyombo na mahali pa kukatia vitunguu. Mpishi husimama nje.

Trela hizi zilianza kupendwa katika miaka ya 1930, wakati wa dhiki kubwa ya fedha nchini humo. Magazeti ya mafundi yalichapa ramani zake ili mtu yeyote mwenye msumeno ajijengee nyumbani. Baada ya Vita ya Pili zilienea zaidi. Toleo moja la Septemba 1947 la gazeti liitwalo Mechanix Illustrated lilitoa ramani ya trela la namna hii, na wajenzi wengine wakatumia bati la alumini lililotoka katika mabawa ya ndege za vita, na magurudumu ya Jeep za jeshi yaliyobaki. Hapo ndipo ilipotoka sifa ya kuwa trela la chozi ni kitu cha bei rahisi. Lilikuwa rahisi kweli, lakini kwa sababu vita ilikuwa imekwisha kununua vifaa hivyo kabla. Anayejenga leo hapati bawa la ndege kwa bei ya chakavu. Sifa imebaki, vifaa vimekwisha.

Mimi sikulifikiria hilo. Mwezi wa Agosti 2021 niliona trela moja kando ya Ziwa Michigan, penye vilima vya mchanga viitwavyo Sleeping Bear, nikalitamani. Jioni ile ile nikaandika makisio nyuma ya bahasha: fremu mpya yenye magurudumu na taa dola 450, mbao dola 300, gundi, skrubu na rangi dola 100, godoro dola 50. Jumla dola 900. Nikampigia simu mdogo wangu, aliyekuwa chuo cha ualimu, nikamwambia kuwa fedha zake za Januari ziko palepale. Niliamini hivyo.

Bahasha ile ninayo mpaka leo. Karibu nayo ninayo mfuko wa stakabadhi, nami nataka kuzieleza, maana mtu husema tu "gharama zilizidi" bila kuonyesha zilizidi wapi.

Kwanza fremu. Nilijiona mjanja, nikanunua kuukuu kwa dola 250 badala ya mpya ya 450. Matairi yake yalikuwa yamepasuka ubavuni: mawili mapya dola 120. Beringi zilikuwa zinalia: beringi na grisi dola 45. Waya za taa ziliozeana: dola 40. Kutu: rangi ya kuzuia kutu dola 25. Jumla dola 480. Basi ujanja wangu ulinipotezea dola 30 na Jumamosi tatu.

Mbao ndiyo sehemu niliyokosea zaidi. Trela langu lina upana wa futi 4, urefu wa futi 8 na kimo cha futi 4 juu ya fremu, na vipimo hivyo si vya bahati nasibu: ubao mmoja wa plaiwudi ni futi 4 kwa 8, hata kila ubavu hutoka katika ubao mmoja. Kwa hiyo nilihesabu mbao mbili za ubavu, moja ya sakafu na mbili za paa. Nikasahau dari ya ndani. Nikasahau ukuta unaotenga kitanda na jiko, na rafu za jiko lenyewe. Nikasahau fito za kushikilia paa lipate kupinda. Na bei niliyoiandika ilikuwa ya zamani. Mwaka 2021 bei ya mbao ilipanda sana nchini humu, kila mjenzi analijua. Mbao zote zilinitoka dola 380, fito dola 45, na ubao mmoja wa dola 65 niliuharibu.

Kuharibika kwake kulikuwa hivi. Plaiwudi ina uso mzuri na uso mbaya. Nilichora ubavu wa kwanza, nikaukata, nikauweka juu ya ubao wa pili kama kielelezo, nikakata. Nilipozisimamisha, ubavu wa kushoto ulikuwa na uso mzuri nje, na wa kulia uso mzuri umeelekea ndani, penye godoro. Jirani yangu ni Mkongomani mzaliwa wa Bukavu, fundi seremala wa miaka mingi, ambaye sote tunaongea Kiswahili humwita Papa. Alikuja, akatazama, akazunguka mara moja. Akasema, "Ndugu, umehesabu mbao. Na makosa yako, umeyahesabu?" Yeye asemavyo ni kuwa kila makisio yawe na ubao mmoja wa ujinga, na ukibaki mzima, upeleke nyumbani ukamtengenezee mama kibao cha chapati.

Msumeno wa umeme na vibano, dola 130. Sikuviandika kwenye bahasha kwa sababu nilifikiri nitaviazima, na Papa aliniazima kweli siku mbili. Lakini vibano vya kufungia paa lililopakwa gundi lazima vikae usiku kucha, na yeye ana kazi zake. Tena palikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna ramani niliyoisoma iliyokitaja katika bei: kiungo cha kufunga nyuma ya motokaa yenyewe, ili iweze kuvuta. Kiungo, mpira wake na waya, dola 230. Trela lisilovutwa ni kabati.

Kufika katikati ya Novemba nilikuwa nimekwisha toa dola 1,100 kwa fremu, mbao na zana tu, na paa halijafungwa. Kisha baridi ikaingia. Gundi niliyoitumia haitaki kupakwa penye baridi iliyo chini ya nyuzi 13, na banda la Papa halina moto. Kazi ikasimama mpaka Aprili.

Hapo sasa ndipo penye jambo lililonifanya niandike. Ghalani tulikuwa tukiitwa kufanya saa za ziada siku za Jumamosi, kwa dola 24 kila saa. Fedha hizo ndizo nilizokuwa nikimpelekea mdogo wangu. Katika Jumamosi 21 nilizojenga trela, niliitwa kazini mara 12, nikakataa mara zote 12. Saa 7 kila siku, ndiyo saa 84, yaani dola 2,016. Sikuzitoa mfukoni, kwa hiyo sikuona kama zimetoka. Januari 2022 ilipofika, ada haikuwapo. Aliniandikia ujumbe mfupi: "Kaka, usijali, nimeongea nao." Baadaye sana, kwa mama, nikasikia aliongea nao vipi. Alikaa nyumbani wiki tano, na alipoingia darasani mitihani ya majaribio ilikuwa imempita. Amekwisha maliza chuo, ni mwalimu, wala hajanilaumu hata siku moja. Makala haya atayasoma kabla yenu, kwani ndiye anayeyaleta kwa Mhariri.

Wengine watasema kazi ya mikono yako mwenyewe haihesabiwi, ni burudani. Nakubali kwa mtu aliyekuwa atakaa bure. Kwa aliyeacha malipo ili aifanye, kazi ile ina bei, na bei yake ni malipo yale aliyoyaacha. Kwangu bei hiyo ilizidi bei ya trela.

Nimalizie stakabadhi. Paa nililivika turubai la pamba lililobandikwa kwa gundi ya mbao na kupakwa rangi ya nje ya nyumba, njia ya maskini wasioweza alumini, nayo haivuji mpaka leo. Gundi, turubai, rangi, skrubu na dawa ya kuziba nyufa, dola 200. Bawaba, vitasa na madirisha mawili, dola 160. Godoro la sponji, dola 90. La dola 50 nililokisia lilikuwa la mtu mmoja. Hati na bamba la namba, dola 110. Jumla ya yote ni dola 1,890, zaidi ya mara mbili ya bahasha yangu, bila zile dola 2,016. Hema jema la watu wawili lingenigharimu kama dola 100.

Safari ya kwanza nilijaza maji na sufuria zote jikoni, nyuma. Barabarani trela likaanza kutikisa mkia kama mbwa aliyeona mfupa, nikapata hofu kubwa. Yafaa ule mti wa mbele unaoshikana na motokaa ubebe baina ya sehemu 10 na 15 katika kila 100 za uzito wa trela. Langu lina kilo 410, na mbele palikuwa na kilo 22 tu. Nilihamishia maji mbele, likatulia. Ndilo kosa la pekee nililolirekebisha bure.

Nalipenda trela langu. Usiku mvua ikinyesha juu ya paa nalikumbuka bati la nyumbani. Lakini wenzangu wa ghalani waliponiuliza bei, mwaka mzima nilijibu, "Dola 900." Wawili kati yao wakaanza kujenga kwa kusadiki neno langu. Mmoja aliliacha katikati, na fremu yake ingali uani, imeota majani. Hilo ndilo ninalowalaumu wote wanaotangaza kazi ya nyumbani kwa bei nusu, nami wa kwanza.

Basi narudi kwa mkokoteni. Wazo ni jema. Wasichana na wavulana wa shule ile wamebeba ndoo kutoka mtoni tangu zamani zangu, na kilima ni kile kile. Walakini katika makisio yenu sikuona ekseli. Sikuona beringi, wala malipo ya mchomeleaji, wala rangi, wala nauli ya mbao kutoka mjini. Magurudumu kuukuu mmeyaandika. Hali ya matairi yake hamkuiandika. Ubao wa ujinga haumo. Wala haikusemwa kazi itafanywa saa ngapi: ikiwa ni saa za masomo ya jioni za Kidato cha Nne, wazazi wana haki ya kujua hilo kabla ya kutoa fedha, maana hilo nalo wanalichangia. Mzazi aliyeuza kuku ili atoe sehemu yake, halafu akaona mbao zimelala nyuma ya bwalo bila ekseli mpaka mvua za masika, mara ya pili hatatoa, hata mkimwomba kwa ajili ya madawati.

Nawaomba Chama cha Useremala waandike makisio upya, Mhariri ayachape katika toleo lijalo, na mchango usubiri mpaka hapo. Ekseli nitainunua mimi. Mkishapata bei kwa fundi, mpeni mdogo wangu, naye atanipigia simu. Nitaleta fedha mwezi huo huo, lakini stakabadhi naitaka.