Tangazo la nyumba: tazama kwanza dalali analipwaje

ANAYETAFUTA nyumba ya kupanga Dar es Salaam siku hizi hufungua kwanza tovuti za nyumba kwenye simu yake, na huko hukuta matangazo kwa mamia. Nyumba zote ni za kisasa, mitaa yote ni tulivu na maji hayakatiki popote. Kwa jiji ambalo wakazi wake wanayajua vizuri madumu ya maji, hilo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi. Lakini picha ni nzuri, na bei iko chini kidogo kuliko ya nyumba ya jirani.

Bei hiyo ya chini ndiyo ya kutazamwa kwanza. Katika soko ambalo wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, nyumba ya sh. 300,000 kwa mwezi maana yake ni sh. 2,100,000 mkononi siku ya kuingia, hata kwa miezi sita tu. Mpangaji akiona nyumba ya namna hiyo hiyo imetangazwa kwa sh. 200,000, hujihesabia kuwa ameokoa sh. 700,000. Mtu aliyekwisha kujihesabia hivyo haoni tabu kutoa sh. 10,000 za kuonyeshwa nyumba.

Na hapo ndipo biashara ilipo. Dalali anayelipwa pale tu nyumba inapopangishwa hana faida kubwa ya kusema uongo, kwa kuwa mteja akifika na kukuta mambo siyo, dalali naye amepoteza siku. Lakini anayetoza kila anayekuja kutazama yuko katika hesabu nyingine kabisa. Watazamaji 30 wa sh. 10,000 kila mmoja wanamwingizia sh. 300,000, sawasawa na udalali wa nyumba ile, bila hata mmoja wao kukabidhiwa ufunguo. Nyumba yenyewe inaweza kuwa ilikwisha kupangishwa mwezi uliopita. Tangazo linaachwa palepale kwa sababu bado linazaa. Mteja anafika, anaambiwa imechukuliwa jana jioni, anapelekwa kwenye nyingine iliyo mbovu na ghali zaidi, na hela yake hairudi.

Madalali nao wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Wapo wateja wanaozunguka nyumba kumi bila nia ya kuchukua hata moja, na bodaboda hailipwi kwa shukrani. Hata hivyo hoja hiyo inaeleza kwa nini mtazamaji atozwe, haielezi kwa nini atozwe kabla ya kuiona nyumba iliyotangazwa. Dalali mwenye nyumba kweli anaweza kupokea hela yake mlangoni, na kuikata kwenye udalali mteja akipanga. Anayekataa masharti hayo mawili amekwisha kusema mengi kuhusu tangazo lake.

Baada ya swali la malipo ndipo maneno yenyewe yapimwe. Kanuni ni rahisi: neno lisiloweza kumfunga aliyelisema halina thamani sokoni. "Nyumba kali" haimfungi mtu. "LUKU yake peke yake" inamfunga, maana mteja akifika ataiona mita na kuuliza ni wangapi wanaoitumia. "Maji saa 24" linaonekana kama neno la kumfunga mtu, lakini halisemi kama ni maji ya DAWASA au ya kisima, na visima vingi vya jiji hilo hutoa maji ya chumvi. "Inajitegemea" ni neno la hatari zaidi. Kwa mmoja ni nyumba peke yake ndani ya uzio wake; kwa mwingine ni chumba chenye choo ndani, kikiwa na majirani sita ukutani.

Mahali nako kunahitaji mizani yake. Tangazo likisema "Mbezi" tu, msomaji hajui kama ni Mbezi Beach, upande wa Barabara ya Bagamoyo, au Mbezi ya Kimara, kwenye Barabara ya Morogoro. Ni mbali kwa kilomita na kwa kodi pia, na anayeacha neno hilo likae hivyo mara nyingi hajasahau. "Dakika tano kutoka mwendokasi" nazo ni dakika za nani? Za bodaboda saa nne usiku, au za miguu asubuhi ya mvua?

Kuhusu mvua, picha za matangazo karibu zote ni za kiangazi. Nyumba iliyoko bondeni itazamwe Aprili, au waulizwe majirani maji hufika wapi ukutani. Wakati mwingine jina la mahali ni la kweli kuliko tangazo: Msasani Bonde la Mpunga halikuitwa hivyo kwa mzaha.

Halafu kuna haraka. "Watu watatu wanaitaka, lipia leo" si uvumbuzi wa madalali wa Dar es Salaam. Mwaka 2019 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilizibana kampuni za kuuza vyumba vya hoteli kwenye mtandao, zikiwamo Booking.com na Expedia, hadi zikaahidi kuacha kuwapa wateja picha potofu kuhusu wingi wa watu wanaokitaka chumba. Dubai imekwenda mbali zaidi: tangazo la nyumba linatakiwa kuwa na kibali cha idara ya ardhi, na namba yake huonyeshwa kwenye tangazo.

Tanzania inayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mteja katika biashara, na inayo Tume ya kuisimamia. Ugumu ni kwamba hakuna anayeacha kazi siku nzima kwenda kulalamikia sh. 10,000, na wanaozitoza wanalijua hilo. Wenye tovuti ndio walio karibu zaidi na tatizo, ingawa wale wanaolipwa kwa kila tangazo hawana haraka ya kuyapunguza. Wangeweza kuanza na jambo dogo: kila tangazo lionyeshe tarehe lilipowekwa, na kiasi atakachotozwa mtu kuonyeshwa nyumba, kabla hajapiga simu.