Tembe haikustahili kudharauliwa hivi
Anayetaka kujua nyumba ifaayo Ugogo na aanze na mvua. Dodoma hupata milimita zisizofika 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, ndiyo maana tembe ya Mgogo haikuhitaji paa la mgongo. Paa lake ni bapa: nguzo, boriti, fito, kisha tabaka nene la udongo linalokawia kupata moto mchana na kukawia kupoa usiku wa baridi wa Juni. Watibeti nao, kwenye uwanda wao mkavu ulio juu zaidi, hujenga paa bapa la udongo. Bati huunguza saa saba na kuleta baridi alfajiri. Ila lina heshima kijijini, hilo tukubali.

Wapinzani wana hoja. Mvua ikizidi tembe huvuja, mchwa hula boriti, miti imeadimika, na papasi wa kwenye nyufa walieneza homa. Lakini papasi hufuata ufa, si udongo: sakafu ya saruji na lipu nzuri huwanyima makazi hata chini ya paa la udongo. Nguzo nazo zaweza kuwa za chuma. Tembe haikushindwa na hali ya hewa tu. Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha Operesheni Vijiji, ziliwahamisha watu kutoka kwenye makazi yao ya kale. Leo mji uliotangazwa makao makuu mwaka 1973 unanunua viyoyozi, na mfano wa tembe unatunzwa Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kwenye joto la unyevu lisiloihusu kabisa.