Mbwa Akimeza Kitu: Ekografi Si ya Wenye Mimba Tu

Juma hili tunaongea juu ya mbwa wa nyumba, kwa sababu mwenzetu mmoja wa Katuba nusura ampoteze wake, na wengi wenu mmetuuliza ilikuwaje.

Mbwa alianza kutapika siku ya Ijumaa. Hakugusa chakula, hata bukari na mchuzi wa samaki. Mama akafanya tunavyofanya wote: maziwa kwanza, kisha kijiko cha mafuta ya mawese, akidhani wezi wamemtegea sumu. Siku ya tatu mbwa akawa wa kulala tu. Radiografi haikuonyesha kitu cha kueleweka. Ndipo munganga wa wanyama akauliza: "Nyumbani kumepotea nini? Watoto walikula nini?" Mtoto akajibu kwamba walikula mahindi ya kuchoma na kutupa magunzi uani.

Munganga akanyoa tumbo, akapaka jeli, akapitisha mashine. Wamama, ni ekografi ileile tunayoijua toka wakati wa mimba. Inapeleka sauti ambayo sikio halisikii, nayo inarudi kama mwangwi na kufanya picha. Radiografi inaonyesha vizuri msumari, sarafu au mfupa, lakini gunzi, soksi na sashe mara nyingi zinaiponyoka. Kwenye ekografi kitu kigumu kama gunzi huonekana kama ukingo mweupe wenye kivuli cheusi nyuma yake. Utumbo ulio kabla ya kizuizi umevimba kwa maji, na ule unaofuata umenywea. Kama ni uzi, utumbo hujikunja kama nguo iliyovutwa na uzi wa kushonea. Huo tunauogopa zaidi, maana unaweza kuukata utumbo. Hewa ikijaa tumboni picha inazibika, hivyo msishangae munganga akirudia kupima baadaye au akitaka radiografi pia.

Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi kinafundisha waganga wa wanyama, lakini si kila munganga ana ekografi. Pigeni simu kwanza, muulize kama mashine ipo, na muulize bei ya kupima na ya kupasua, kabla ya kumbeba mbwa kwenye teksi.

Mkingoja, msimpe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi. Uzi ukining'inia mdomoni au nyuma, msiuvute. Na hili tunalisema kwa nguvu: mbwa anayetiririka mate na kushindwa kumeza, msimtie mkono kinywani mkidhani amekwamwa na mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Akimuuma mtoto, osheni kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha mkimbie hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Mbwa wa mwenzetu alipasuliwa jioni ileile, akakatwa kipande cha utumbo. Angeletwa Ijumaa, munganga alisema, huenda gunzi lingetolewa bila kukata utumbo. Mama alilipa kwa zamu yake ya likelemba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya shule, na wenzake wawili wakakubali kumbadilishia zamu. Sasa mbwa anakula uji kidogo kidogo na ameanza kubweka tena langoni. Magunzi yote yanaenda kwenye mbabula.