Mpiga risasi humjui, acha kumpa jina



Hili ni Neno la Ijumaa, tarehe 2 Mei 2025. Somo letu ni Kumbukumbu la Torati 21, mstari wa 1 hadi wa 9. Fungua Biblia yako usome mwenyewe kabla ya kuendelea, kwa maana leo nitasema mambo ambayo wengine wenu hamtayapenda.

Jumatano jioni, tarehe 30 Aprili, mheshimiwa Charles Ong'ondo Were, mbunge wa Kasipul, alipigwa risasi akiwa ndani ya gari lake, Ngong Road, karibu na raundabauti ya City Mortuary. Polisi walisema watu wawili walikuwa kwa pikipiki. Aliyebebwa alishuka, akakaribia gari, akafyatua risasi, akarudi kwa pikipiki wakatoroka. Mheshimiwa alifikishwa hospitalini na huko ikathibitishwa ameaga dunia. Alikuwa amewahi kulalamika hadharani kwamba maisha yake yako hatarini.

Hayo ndiyo tunayoyajua mimi na wewe. Hayajazi hata ukurasa mmoja wa daftari.

Lakini fungua simu yako uone! Utadhani Kenya nzima ilikuwa imesimama pale raundabauti. Huyu anajua aliyetuma pesa. Yule anajua pikipiki ilitoka wapi. Mwingine hajui mtu lakini kabila la muuaji analijua. Na siwasemi watu wa dunia peke yao. Jana, katika grupu letu la maombi ya alfajiri, mahali tunapomwita Yesu saa kumi na moja, iliwekwa picha ya kijana amevaa helmeti na jaketi, na maneno mawili chini yake: "Huyu ndiye." Nikamuuliza aliyeituma ameitoa wapi. Jibu lake: "Nimetumiwa tu, Pastor."

Nimetumiwa tu! Mpendwa, siku ya hukumu utasimama mbele za Mungu na jibu hilo?

Kijana yule ana mama. Pengine ni mhudumu wa boda boda mahali fulani, ameamka asubuhi kutafuta mia tano ya unga na kodi. Mnajua vizuri kinachompata mtu wa pikipiki katika nchi hii akipigiwa kelele stejini. Hakuna anayengoja hakimu. Linatafutwa tairi, inatafutwa petroli. Halafu kesho yake inasemekana alifananishwa tu. Na wewe uliyebonyeza "shea" utakuwa umeketi kwa kochi ukinywa chai, mikono yako haina harufu ya petroli, nafsi yako inakwambia hukufanya kitu.

Sasa turudi kwa somo. Torati ilijua jambo hili. Imeandikwa pale kwamba mtu akikutwa ameuawa shambani na aliyemuua hajulikani, kuna utaratibu. Wazee na waamuzi wanatoka kupima umbali hadi mji ulio karibu. Wazee wa mji huo wanachukua ndama ambaye hajafanyishwa kazi, wanamshusha bondeni penye maji yanayotiririka, wanamvunja shingo. Makuhani wanakuja. Wazee wananawa mikono juu yake, wanatamka kwamba mikono yao haikumwaga damu hiyo na macho yao hayakuona. Kisha wanaomba Mungu asiihesabu damu isiyo na hatia juu ya watu wake.

Angalia mambo matatu hapo.

Kwanza, Mungu hakunyamazia maiti isiyo na mshtakiwa. Damu ilipimwa hatua kwa hatua. Hakuna aliyeruhusiwa kusema hayanihusu. Kwa hiyo asije mtu akaniambia Pastor anataka tusahau. Mungu hasahau. Damu ya Habili ilipiga kelele kutoka ardhini na Mungu akaisikia.

Pili, viongozi ndio waliotolewa nje, mbele za watu wote, wawajibike kwa damu iliyomwagika karibu na mji wao. Hawakutuma risala za rambirambi wakaenda zao. Walishuka bondeni.

Tatu, na hapa ndipo tunapochomwa leo. Katika ibada hiyo yote hakuna mahali ambapo mtu anakisia jina la muuaji. Hakuna! Kinachotakiwa kutamkwa ni kinyume chake. Wazee wanasimama mbele za Mungu wanakiri kwamba macho yao hayakuona. Kusema "sikuona" ni sehemu ya ibada, kwa sababu ni kweli. Sisi tumegeuza kuwa aibu. Mkristo wa leo anaona afadhali aseme uongo kuliko aonekane hana habari.

Rudi nyuma sura mbili tu, Kumbukumbu la Torati 19 kuanzia mstari wa 15. Shahidi mmoja hatoshi. Wanatakiwa wawili au watatu. Waamuzi wachunguze kwa bidii. Na shahidi akipatikana ni wa uongo, apewe adhabu ile ile aliyotaka mwenzake apewe. Sitawatishia na sheria ya mitandao ya mwaka 2018, faini zake na jela yake. Nawatisha na hii. Ukimtangaza mtu kuwa muuaji na si muuaji, Torati inakupimia kipimo cha muuaji. Na kumbuka, ujumbe uliotumwa na watu mia nne kwa watu mia nne bado hauna shahidi hata mmoja, kama hakuna kati yao aliyeona. Wingi wa masikio si macho.

Mtu ataniambia, "Lakini Pastor, dalili zote zinaonyesha." Nenda Matendo 28. Paulo ameponea baharini, yuko kisiwani Malta, anaokota kuni, nyoka anamng'ata mkononi. Watu wa kisiwa wakaunganisha dalili haraka haraka wakasema huyu lazima ni muuaji, ameepuka bahari lakini haki imemfuata. Wakakaa wakingoja avimbe. Hakuvimba. Basi wakabadilisha, wakasema huyu ni mungu! Walikosea asubuhi, wakakosea tena mchana, na mara zote mbili walikuwa na uhakika. Hao ndio sisi kwa simu. Jumatano muuaji ni huyu, Alhamisi ni yule, Ijumaa tunaapa ni wa tatu, na hakuna anayerudi kumwomba msamaha wa kwanza.

Nenda 1 Wafalme 21. Nabothi aliuawa na barua. Yezebeli aliandika, akapiga muhuri wa mfalme, barua zikapokelewa na wazee wa mji, wakatafutwa watu wawili wasiofaa wa kusema uongo, na mji mzima ukachukua mawe. Yezebeli hakushika jiwe hata moja. Walioshika ni majirani wa Nabothi, watu waliopokea ujumbe na kuufanyia kazi bila kuuliza ameuandika nani na anafaidika nini. Mpendwa, wakati mwingine jina linalozunguka kwa simu limetungwa na mtu anayetaka macho yetu yatoke kwake. Kila jina la uongo tunalolibeba ni pazia tunalomshikilia muuaji wa kweli ajifiche nyuma yake.

Na nchi yetu imekwisha kulipa karo ya somo hili. Tom Mboya alipigwa risasi mchana wa Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, katika barabara inayoitwa leo Moi Avenue. Mtu mmoja alishtakiwa na akanyongwa mwaka uo huo. Lakini hasira za wananchi hazikungoja mahakama wala hazikuishia kwake. Ziligeuzwa kuwa za kabila kwa kabila, na Oktoba ya mwaka huo damu ilimwagika Kisumu, ya watoto ikiwemo. Makovu hayo wajukuu wanayabeba hadi leo. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa kule Eldoret lilichomwa na watu wakiwa ndani, akina mama na watoto waliokimbilia nyumba ya Mungu. Katika majuma yale waliuawa zaidi ya watu 1,100, na ujumbe wa uchochezi ulikuwa ukipita kutoka simu hadi simu. Hiyo ilikuwa simu ya mulika mwizi, ya SMS! Leo una picha, video na sauti.

Tena mfikirie Pio Gama Pinto, aliyeuawa nje ya nyumba yake Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Kisilu Mutua alihukumiwa kwa kesi hiyo. Alikaa gerezani zaidi ya miaka 35, akasema siku zote kwamba si yeye, akaachiliwa mwaka 2001. Nani aliyepanga? Hadi leo hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa kupanga. Hiyo ilikuwa mahakama, yenye jaji, mawakili na mashahidi walioapishwa, na bado maswali makubwa yalibaki. Wewe una picha moja yenye ukungu na dakika tatu ukingoja matatu ijae. Unahukumu kwa nini?

Sasa nije kwa wenzangu wa madhabahuni. Kuna watumishi ambao tangu Alhamisi wanasema Mungu amewaonyesha muuaji. Wanapunguza herufi za majina, wanataja rangi ya nguo, wanasema "mkubwa mmoja kutoka upande fulani", kisha chini wanaweka namba ya sadaka. Nasema bila kupepesa macho, huo si unabii, ni biashara ya maiti. Kama Mungu amekuonyesha muuaji, hukuonyeshwa ili upate wafuasi. Nenda DCI, keti, andika taarifa, tia sahihi kwa jina lako. Kama hutaki kutia sahihi, basi hata wewe huamini maono yako.

Najua swali linalobaki, na ni swali zuri. "Pastor, tukinyamaza, wakubwa watatoroka kama walivyotoroka zamani. J.M. Kariuki aliuawa mwaka 1975. Robert Ouko mwaka 1990. Nani amefungwa?" Uchungu huo ni wa haki, na mimi ninao. Lakini usichanganye kuuliza na kusingizia. Kuuliza ni kusema: mheshimiwa alilalamika kwamba anawindwa, je, malalamiko yake yalishughulikiwaje? Ulinzi wake ulikuwa wapi? Uchunguzi umefika wapi? Maswali hayo yaulize kwa sauti, kila siku, kwa jina lako halisi, na usichoke. Mjane wa Luka 18 hakumtungia mtu jina la uhalifu, lakini kadhi hakupata usingizi. Kusingizia ni kusema "ni fulani" na huna ulichoona. Kuuliza kunamnyima muuaji raha. Kusingizia kunampa likizo, kwa sababu sote tunashughulika na mtu mwingine. Na kesi ikifika mahakamani, kelele zetu zinakuwa zawadi kwa wakili wa upande wa pili, maana mashahidi watashindwa kutenganisha walichoona na walichosoma.

Basi tufanye hivi, watu wa Mungu.

Uliyeona kitu Jumatano ile Ngong Road, au unajua kitu kwa kweli, usiweke kwa grupu. Peleka DCI. Ukihofia maisha yako, lipo Shirika la Kulinda Mashahidi kwa sababu hiyo hiyo. Kama ni mambo ya afisa wa polisi, ipo IPOA. Viongozi wa seli, mtu akiogopa kwenda peke yake, msindikizeni.

Usiyeona kitu, sema sikuona. Kisha funga mdomo juu ya jina la mtu na uufungue kwa maombi.

Uliyetuma picha ya kijana yule, kuifuta peke yake haitoshi. Rudi katika kila grupu ulikoituma, useme kwa maneno yako kwamba humjui na hukuona. Itakuuma kidogo. Yeye angeumia zaidi.

Na sisi tulio Nairobi tukiwa na majirani wa kila kabila, mtu akianza "watu wa upande ule ndivyo walivyo", mkatize hapo hapo, hata kama ni shemeji yako, hata kama ni mzee wa kanisa. Aliyefyatua ni mtu mmoja mwenye kidole kimoja. Kabila halina kidole.

Huko Kasipul kuna nyumba yenye kilio leo. Kuna wajane wa kufarijiwa, watoto ambao watakua wakisoma kila tulichoandika wiki hii. Waache wakute kwamba kanisa lililia nao na kudai haki, wala halikugeuza kifo cha baba yao kuwa mchezo wa bahati nasibu.

Tuombe. Baba, wewe unamjua aliyefyatua na unamjua aliyemtuma, hakuna giza kwako. Wape wachunguzi bidii na ujasiri wa kufika hadi mwisho, hata mwisho huo ukiwa mlango wa mkubwa. Wafariji wafiwa. Mlinde kijana yule wa picha popote alipo, na kila mtu anayetajwa bila kosa. Utuwekee mlinzi kwenye midomo yetu na kwenye vidole vyetu. Katika jina la Yesu.

Usiandike Amina hapa chini kama bado ile picha iko kwa simu yako. Ifute kwanza.