Miguu Yetu na Hesabu za SHA

Bwana na Bibi mkulima, hapana chombo cha shamba kifanyacho kazi nyingi kuliko miguu yako. Kutoka Samburu hata Mackinnon Road, nchi yetu ya Taru ni nchi ya miiba na vumbi, na maji yako mbali. Ng'ombe wako wampeleka joshoni, na akichechemea waangalia kwato zake siku ile ile. Lakini wewe mwenyewe ukichomwa mwiba, wafunga kitambaa na kungoja. Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende.

Wengi hungoja kwa kuogopa gharama. Husema, "Sijalipa SHA, basi sina haki ya kutibiwa." Fikira hiyo si sawa, nayo yatutia hasara.

Bima ya zamani ya NHIF ilianzishwa mwaka 1966. Tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake ilichukuliwa na SHA, yenye mifuko mitatu. Mfuko wa kwanza hulipia matibabu ya zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Hapa yatakikana uwe umeandikishwa tu, hudaiwi mchango. Mfuko wa pili hulipia hospitali, kama ya Kinango au Msambweni, na huo wamfaa aliyelipa mchango wake. Mfuko wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu. Kwa maradhi sugu huanza pale kipimo cha mfuko wa pili kinapokwisha.

Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, wala haupungui Shs. 300 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Shs. 3,600 au zaidi, nao huwafaa mume, mke na watoto. Asiye na mshahara hutakiwa kulipa mwaka mzima pamoja.

Basi fikiri. Mwiba, funza au ufa wa kisigino ukipelekwa zahanati mapema, ni kazi ya mfuko wa kwanza. Ukingoja hata mguu uoze, utapelekwa hospitali kulazwa, na huko utaulizwa mchango. Kidonda ni kile kile. Kuchelewa ndiko kulikokihamisha mfuko.

Mwenye ugonjwa wa sukari azidi kujihadhari, maana huenda asisikie mwiba hata kidogo. Atazame nyayo zake kila jioni, hata kati ya vidole, na asitembee pekupeku. Mwenye funza asitolewe kwa pini iliyotumiwa na mwingine, maana pini hiyo huweza kuleta maradhi mabaya.

Kuna jambo jingine. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha hospitali kadhaa kwa sababu ya madai ya uongo, na moja ya hila zilizotajwa ni kumwandika mgonjwa aliyetibiwa na kurudi nyumbani kana kwamba alilazwa. Kwa hiyo usitie alama ya kidole wala sahihi kabla hujaambiwa ni ya matibabu gani. Ukifungwa kidonda na kurudi nyumbani, hukulazwa. Fedha hizo ni za wachangaji wote, kama fedha za chama cha ushirika.

Nasi twasema wazi kwa Serikali pia. Mkulima wa nchi kavu hapati fedha kila mwezi. Hupata mvua ikinyesha au mbuzi akiuzwa. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kulipa mwaka kidogo kidogo, ni mwema, lakini ufafanuliwe barazani, kwa lugha ya wenyeji. Tena zahanati isiyo na bandeji wala dawa ya kuoshea kidonda haimwondolei mtu gharama, ijapokuwa sheria yasema hadaiwi. Haki ya kwenye karatasi haifungi kidonda.

Lakini usingoje mambo hayo yatengenezwe kwanza. Jiandikishe wewe na watu wa nyumbani kwako kwa kubonyeza *147# katika simu. Ukiuza mbuzi, tenga fedha ya mchango kabla hujaitumia kwa jingine. Na leo jioni, baada ya kuosha miguu, itazame vizuri kama uzitazamavyo kwato za ng'ombe wako.