Behewa la Kale Halijui Ratiba ya Mgeni Rasmi

Kuna uzembe mmoja katika nchi zetu unaojivika joho la uzalendo, nao ni ule wa kuhamisha vitu vya kale kwa pupa ili viwahi sherehe. Leo nataka kuusema katika uwanja usiozungumzwa sana: mabehewa na vichwa vya treni vilivyostaafu kazi, ambavyo sasa vinatafutiwa makao katika makumbusho. Inapoamuliwa kwamba behewa fulani litoke hapa liende kule, swali la kwanza mezani huwa ni siku ya uzinduzi na jina la atakayekata utepe. Swali la kama magurudumu yake bado yanaaminika huulizwa mwisho, tena na fundi ambaye hakualikwa kikaoni. Mpangilio huo lazima ugeuzwe. Behewa la kale lisiondoke lilipo mpaka mkaguzi mwenye mamlaka ya kusema "hapana" awe ameweka saini yake, na hiyo "hapana" isiweze kutenguliwa kwa simu moja kutoka juu.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wapenzi wa treni. Sivyo. Behewa linalohamishwa hupita katika njia ileile wanayopita abiria na shehena, au katika barabara ileile ya mabasi na bodaboda. Likiachia, halitachagua wa kumgonga.

Tuuchukue mfano ulio karibu. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalianzishwa mwaka 1971, na kule Jinja, Uganda ina makumbusho yake ya reli. Yote mawili yamezaliwa na reli moja, ile yenye upana wa mita moja iliyoanza Mombasa na kufika Kampala mwaka 1931, baada ya daraja la Nile pale Jinja kukamilika. Tuseme siku moja makumbusho haya yanakubaliana kuazimana behewa. Kwenye ramani jambo ni jepesi: reli ni ileile, liunganishwe na treni ya mizigo, liende. Lakini ramani haina milima. Kutoka Nairobi njia inateremka katika Bonde la Ufa, inapanda tena hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha inashuka kuelekea Malaba na hatimaye Nile. Ni safari ya kupanda na kuteremka, na mteremko ndiyo mahali ambapo chombo kilicholala miaka 40 hutoa siri zake zote.

Siri ya kwanza ipo kwenye beringi. Mabehewa mengi ya zamani hayana beringi za gololi. Ekseli huzunguka ndani ya kipande cha madini laini, juu ya utando mwembamba wa mafuta unaoletwa na sufi iliyolowekwa. Behewa likisimama miongo kadhaa, sufi hukauka, maji ya mvua huingia kikashani, kutu hula pale palipokuwa laini kama kioo. Ukilivuta, kilomita za mwanzo litakwenda kwa adabu. Kisha joto linapanda, madini laini yanayeyuka, na ekseli yenyewe inaweza kukatika treni ikiwa mwendoni. Mafundi wa zamani walilijua hili bila shahada: waliendesha polepole, wakasimama baada ya kilomita chache, wakashuka na kuweka kiganja juu ya kila kikasha. Kiganja kikishindwa kuvumilia, safari imekwisha. Ni kipimo kisichogharimu chochote ila muda, na muda ndio tusiotaka kuutoa.

Ya pili ni gurudumu lenyewe. Magurudumu mengi ya kale yana pete ya chuma iliyovishwa ikiwa na moto na kubanwa ilipopoa. Pete hiyo ikilegea, mtazamaji wa kawaida haoni kitu. Mkaguzi hugonga kwa nyundo na kusikiliza: inayolia kama kengele ni nzima, inayotoa sauti ya chungu kilichopasuka ina tatizo. Nimewahi kumsikia afisa mmoja akiucheka ukaguzi wa aina hiyo na kuuita uganga. Uganga ni kuamini kwamba rangi mpya ya mafuta, inayopakwa siku mbili kabla ya hafla, imetibu chuma.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni breki, na hapa historia imeandikwa kwa damu. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh huko Ireland, treni ya matembezi iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao ilishindwa kupanda kilima. Wafanyakazi wakaamua kuikata vipande viwili ili injini ipeleke kwanza sehemu ya mbele. Mabehewa ya nyuma yakaachwa yakishikiliwa na breki ya mkono na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Yaliporudi nyuma hayakusimama hadi yalipoikuta treni iliyokuwa ikifuata. Walikufa watu wapatao 80. Treni ile ilikuwa na breki, ila si za aina inayojishika yenyewe mabehewa yanapokatwa. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kulazimisha breki za kujishika katika treni zote za abiria. Teknolojia ilikuwepo kabla ya msiba. Kilichokosekana ni mtu wa kulazimisha itumike.

Miaka 113 baadaye, tarehe 24 Juni 2002, hapa kwetu katika Reli ya Kati, kati ya stesheni za Msagali na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa na kilima, ikarudi nyuma kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Treni ile haikuwa ya makumbusho. Ilikuwa ya kawaida, yenye mama zetu na vijana waliokuwa wakirudi vyuoni na nyumbani. Naitaja kwa sababu ni lazima tuseme wazi: kama chombo kilichokuwa kazini kila wiki kinaweza kurudi nyuma namna ile, ni kiburi gani kinachotufanya tuliamini behewa lililofugwa na majani tangu Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977?

Breki za mabehewa hayo ya zamani kwa kawaida ni za ombwe: hewa ikinyonywa bombani breki huachia, hewa ikiingia breki hukamata. Ndiyo maana bomba likipasuka au behewa likikatika, breki hukamata zenyewe. Ni ubunifu mzuri sana, kwa sharti kwamba mipira na mabomba yake ni mazima. Mpira wa miaka 40 huwa umekauka na kupasuka kama kisigino cha mkulima. Isitoshe, injini nyingi za leo hutumia breki za hewa iliyoshindiliwa, mfumo usioweza kuzungumza na ule wa ombwe. Kwa hiyo behewa la kale linaweza kuvutwa likiwa halina breki hata kidogo huku kila mtu kwenye jukwaa akiamini linazo. Kama halina budi kwenda hivyo, utaratibu wa busara unajulikana: liwe katikati, nyuma yake liwepo behewa lenye breki inayofanya kazi, mwendo uwe mdogo, na breki yake ya mkono iwe imejaribiwa. Kulifunga mkiani ili wapiga picha walione vizuri ni kulialika lije kuua.

Basi lipakiwe kwenye trela, mtasema. Mara nyingi hilo ndilo jibu sahihi, na pengine ndilo pekee. Tanzania sasa ina reli za upana wa aina tatu: ya mita moja, ya TAZARA yenye milimita 1,067, na ya kisasa yenye milimita 1,435. Behewa la Reli ya Kati likifika Kidatu, mahali inapokutana na TAZARA, linakwama kwa tofauti ya milimita 67 tu, upana usiozidi kiganja cha mkono. Abiria wanavyozidi kuhamia kwenye treni za umeme, mabehewa ya reli ya mita yatazidi kustaafu, na mengi yatakayopelekwa kuhifadhiwa yatalazimika kupita barabarani.

Ila trela halifuti hatari, linaibadilisha sura. Katika makumbusho ya Nairobi limo behewa ambamo Charles Ryall, msimamizi wa polisi wa reli, aliuawa na simba usiku mmoja wa Juni 1900 pale Kima. Behewa la mbao la namna ile haliwezi kunyanyuliwa kwa kufungwa kamba tumboni. Kamba zitalibana kama mtu anavyobana boksi la karatasi, na paa litapasuka. Huinuliwa kutoka kwenye fremu yake ya chuma ya chini, kwa boriti inayotenganisha kamba juu ili zisiguse ubavu. Likishapakiwa, halitulii kwa uzito wake tu, kwani limeumbwa kutembea. Magurudumu lazima yafungiwe kabari, minyororo ishike fremu na si urembo wa milango, na urefu wa mzigo upimwe kuanzia lami hadi juu ya paa, si kukadiriwa kwa jicho la dereva. Kisha kuna asbesto, iliyotumika sana kuhifadhi joto katika vyombo vya reli vya karne iliyopita. Kibarua anayekodiwa asubuhi kwenda kung'oa vibao ndani ya behewa anastahili kuambiwa anachokivuta mapafuni.

Na kuna vyombo ambavyo ni heri vibaki vilipo. Vichwa vya Garratt vya daraja la 59 vilivyotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, 34 kwa jumla na kila kimoja kikipewa jina la mlima, vilikuwa na uzito wa takribani tani 252 vikiwa kazini. Kikomo cha kawaida cha gari la mizigo katika barabara za Afrika Mashariki ni tani 56. Hata ukimwaga maji na mafuta yote, hata ukikigawa kichwa hicho vipande vitatu, bado unahitaji kibali maalumu, tathmini ya kila daraja njiani, na fedha ambazo zingetosha kujenga paa juu yake pale kilipo. Paa hilo halina mvuto kwa mgeni rasmi, lakini ndilo litakalokikinga na kutu.

Najua pingamizi lililo zito. Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia: mkiweka masharti haya yote hakuna kitakachohamishwa, na kisichohamishwa kitakatwa kuwa chuma chakavu. Hoja yake ina uzito, kwa maana wauza vyuma hawasubiri ukaguzi. Lakini ukaguzi ninaoudai ni kazi ya siku chache kwa mafundi wawili watatu wanaojua wanachokigonga, na gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na maturubai, maji ya chupa na fulana za hafla. Kinachoua vitu vya kale ni bajeti inayoandika gharama ya sherehe na kuacha gharama ya kuvisafirisha wazi, ikitumaini kwamba karakana "watajua la kufanya". Wastaafu wanaojua la kufanya bado wapo, katika mitaa ya Tabora, Morogoro, Nairobi na Kampala. Wengi wana miaka zaidi ya 70, na bado hatujaandika wanachokijua.

Kwa hiyo, kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nawaomba jambo mahususi. Faili lolote la kuhamisha behewa likija mezani kwenu, tafuteni karatasi ya ukaguzi: hali ya kila kikasha cha ekseli, kila pete ya gurudumu, breki, fremu, vipimo vya mzigo, njia itakayopitwa, na jina la mtu mmoja anayewajibika. Isipokuwepo, rudisheni faili. Na mkiulizwa kwa nini mmelichelewesha, jibuni kwa maandishi, kwa tarehe na kwa jina lenu.