Masikio ya Wapiga Vyombo ni Dhamana Yetu Sote



Ndugu wasomaji, mwezi huu tunapenda kuongea juu ya jambo lisilozungumzwa sana maparokiani, nalo ni masikio ya wale wanaotupigia vinanda, ngoma na matarumbeta. Wapo wanaosema kwamba kelele za mashine ya kusaga huharibu masikio, lakini muziki hauwezi kudhuru kwa kuwa unapendeza. Hiyo si kweli. Sikio halibagui kati ya mashine na Gloria.

Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu iliyojipinda kama konokono, yenye chembe hai zipatazo 15,000 za kupokea sauti. Sauti kubwa huzichosha, na ikirudiwa mara nyingi huziua. Ngozi ikikatwa hupona, mfupa ukivunjika huunga, lakini chembe hizi zikifa hazioti tena. Wahenga walisema, asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kwa sikio, hata ukuta wenyewe haujengeki.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Wataalamu hukadiria kwamba mtu aweza kukaa penye desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu: penye 88 ni saa 4, penye 94 ni saa 1, na penye 100 ni dakika 15 tu. Tarumbeta likipulizwa kwa nguvu hufika hapo na kupita. Je, mazoezi yetu ya Pasaka huchukua muda gani?

Jambo hili limewapata hata wanamuziki wakubwa wa Ulaya. Mwezi Septemba 2012, okestra ya Royal Opera House ya London ilikuwa ikifanya mazoezi ya opera ya Wagner iitwayo Die Walküre. Mpiga viola mmoja aliketi mbele ya wapiga tarumbeta, na mlio ukawa unatokea nyuma ya sikio lake la kulia. Masikio yake yaliumia hata sauti za kawaida za nyumbani zikawa mateso kwake, na mwishowe akaacha kazi. Vizibo vya masikio alikuwa amepewa. Lakini mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba mwajiri alipaswa kupunguza sauti iliyomfikia, na kwamba uzuri wa muziki si udhuru. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa nayo ilimwona mwajiri ana makosa.

Sisi wauguzi tunaliona hilo kuwa somo kwa parokia zetu. Halmashauri ya Walei huchangisha fedha za kununua spika kubwa, na waamini hutoa kwa moyo. Ni nani anayeuliza spika hiyo itawekwa karibu na sikio la nani? Mpiga kinanda aliyekaa miaka kando ya spika haji hospitali mwenyewe. Huletwa na mkewe, aliyechoka kurudia maneno. Ukimwambia "fika", yeye asikia "shika". Usiku masikio yanavuma asipate usingizi. Tukishampima, hatuna dawa ya kumrudishia alichopoteza. Kumwambia tu "ungejikinga" si haki, maana hakujipangia yeye mahali pa kukaa.

Kwa hiyo tunawaomba mapadre, walimu wa kwaya na viongozi wa walei mfanye yafuatayo:

1. Spika ziwekwe mbele ya kwaya zikielekea waamini, kamwe zisiwe kando ya kichwa cha mpiga chombo wala cha mtoto.

2. Wapiga tarumbeta wapandishwe jukwaani ili milio ipite juu ya vichwa vya walio mbele, au waachiwe nafasi ya kutosha.

3. Mazoezi mengi yafanyike kwa sauti ya chini. Nguvu ziwekwe akiba ya Misa yenyewe.

4. Kila saa moja pawe na mapumziko ya dakika 10 mahali pa kimya.

5. Wapiga vyombo wanunuliwe vizibo vya masikio. Vipo vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki, vinavyopunguza sauti bila kuharibu tuni. Pamba ya kawaida haisaidii.

6. Anayesikia mvumo masikioni baada ya mazoezi, au anayeona sauti zimefifia, asione aibu. Apumzike kelele, na hali hiyo ikiendelea hadi kesho yake aje hospitali mapema.

Yote haya, isipokuwa vizibo, hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji mtu wa kusimama kabla ya mazoezi na kuuliza, "Nani amekaa mbele ya tarumbeta?" Wanaotusaidia kumsifu Mungu kila Jumapili wana haki ya kuendelea kuisikia sifa hiyo hadi uzeeni.

Tunawatakia mazoezi mema.